Saa za Majivu

Sitajifanya mnyenyekevu katika habari hii. Maishani mwangu nimekuwa sahihi mara nyingi nikanyamaza, ama kwa adabu niliyolelewa nayo, ama kwa kuona uvivu wa kubishana kwa Kiingereza na watu wanaoongea upesi kuliko mimi. Mara hii moja nilikuwa sahihi na sikunyamaza. Basi nitaisimulia kwa raha zangu, na atakayeona najisifu atakuwa ameona vizuri.

Kazi yangu ni kupima mionzi. Naishi Guildford, magharibi mwa Sydney, na kila asubuhi nabadilisha usafiri mara mbili kufika maabara. Nyumbani kwetu Morogoro wakisikia nafanya kazi maabara hudhani napima malaria, na nimeacha kuwasahihisha. Kueleza ninachopima huchukua muda, na simu za mbali hukatika katikati ya maelezo.

Lakini hapa nina nafasi, kwa hiyo nitaeleza. Iko nchi ya mbali ambako zamani kinu cha nyuklia kiliharibika, sumu yake ikamwagika juu ya misitu. Watu walihamishwa, miti haikuhamishwa. Kitu kiitwacho siziamu kilidondoka juu ya majani, kikaingia ardhini, mizizi ikakinywa, kikapanda tena hadi kwenye magome na majani, na majani yakapukutika. Kinazunguka humo humo mpaka leo. Kiangazi kikifika msitu ukakauka, moto huwaka, na sehemu ya kile kilichokuwa kimetulia ndani ya mti hupanda na moshi. Swali tulilopewa lilikuwa moja: mtu anayekwenda kuuzima moto huo anavuta siziamu kiasi gani kifuani mwake?

Kila mzima moto wa kikosi cha huko hufungwa pampu ndogo kiunoni. Mrija unapanda hadi kwenye ukosi wa shati, na mwisho wake kuna kichujio cheupe, duara dogo la karatasi. Pampu inavuta hewa ile ile anayoivuta yeye, na uchafu unabaki kwenye karatasi. Vichujio hivyo hutumwa katika maabara za nchi mbalimbali ili kila moja ipime bila kuona majibu ya mwenzake. Yetu ilikuwa mojawapo, na nadhani tulichaguliwa kwa sababu moshi wa porini tunaujua. Ipo miaka ambayo milima ya magharibi yetu inaungua mpaka jua linakuwa jekundu saa saba mchana, na nguo ulizoanika unazianua zikinuka moto.

Kukadiria dozi, yaani mionzi ambayo mwili wa mtu unapokea, ni kuzidisha tu. Unachukua kiasi cha siziamu kilichomo hewani, unazidisha kwa hewa anayovuta mtu kwa saa moja, unazidisha kwa idadi ya saa alizokuwa kazini, kisha unazidisha kwa madhara ambayo kiasi hicho hufanya kikiwa mwilini. Wataalamu wanagombana usiku na mchana kuhusu kile cha kwanza, cha pili na cha nne. Saa hazigombaniwi. Saa zinaandikwa kwenye fomu na mtu aliyevaa saa mkononi, basi. Na humo ndimo kosa lilimolala.

Bosi wangu ni mtu mrefu, mchangamfu, mzaliwa wa hapa hapa, na mwenye akili nyingi sana za kompyuta. Chakula cha mchana hula amesimama. Fomu zote zilikuwa zimeshaingizwa kwenye kompyuta, hesabu zimepigwa, na ripoti ilikuwa inangoja sahihi mwisho wa mwezi. Mimi nilipewa kazi ya kupanga karatasi zenyewe kwenye jalada na kutia herufi za jina langu chini ya kila ukurasa kuonyesha kwamba nimeuona. Ni kazi ambayo mtu angeweza kuifanya huku anafikiria mboga ya jioni.

Sasa lazima niseme habari ya karanga. Mama yangu aliuza karanga za kukaanga, akizifunga kwenye vikaratasi alivyovipinda kwa vidole vikawa kama pembe ndogo. Karatasi zilikuwa mitihani ya zamani ya shule, barua za ofisi zilizotupwa, chochote kilichopatikana. Kazi yangu ilikuwa kumkatia karatasi, nami nilisoma kila moja kabla hajaipinda, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kulikokuwa na mambo. Mbele barua ingekuwa na mhuri na salamu za kiserikali, nyuma karani angekuwa amechora mchoro wa msichana au ameandika orodha ya watu wa kualika harusini. Mpaka leo siwezi kushika karatasi bila kuigeuza. Mume wangu hunicheka nikigeuza hata risiti ya dukani.

Basi nikawa nageuza fomu moja moja. Nyuma hakukuwa na kitu. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Wazima moto hawakuandikwa majina, walipewa namba tu, na nilipofika kwa mtu namba saba, nyuma kulikuwa kumejaa penseli.

Mwandiko ulikuwa mdogo, wa kulala upande mmoja, wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kiboko. Fomu zake zilikuwa nne na zote nne zilikuwa hivyo. Nilizipiga picha kwa simu ili zitafsiriwe, na mistari ikanijia kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika: Siku ya pili. Kupindua majivu, asubuhi mpaka jioni. Pampu imezimwa. Siku ya tatu. Kupindua majivu. Pampu imezimwa. Vumbi. Siku ya nne. Majivu. Kikohozi.

Nilikaa chini. Moto wa msitu hauishi miali inapozimika. Makaa hubaki chini ya mizizi na ndani ya magogo, na upepo ukija yanaamka. Kwa hiyo watu hurudi na majembe na reki, siku kadhaa mfululizo, wanapindua majivu yote wakitafuta makaa yaliyojificha. Siku hizo hazikuwemo kwenye hesabu yetu kabisa. Kisanduku cha mwisho cha fomu kiliuliza moto ulizimwa saa ngapi, na watu watiifu walijaza saa miali ilipokufa, wakazima pampu kama walivyoelekezwa, kisha wakaenda kushinda ndani ya majivu. Mmoja tu alikaidi, naye aliandika nyuma kwa sababu mbele hakupewa nafasi.

Na majivu si kitu cha kupuuza. Kuni zikiungua zinapungua, lakini siziamu haiungui. Sehemu inapanda na moshi, na inayobaki inajikusanya kwenye kile kijivu kidogo kilichosalia. Kama ripoti ingetiwa sahihi vile ilivyokuwa, mwongozo wa kikosi kile ungeandikwa kwamba barakoa ni za wakati wa miali tu, na siku za majivu mtu anaweza kuivua akapumua. Mtu namba saba angeendelea kukohoa, na kwenye karatasi zetu angekuwa salama kabisa.

Nilimpelekea bosi fomu nne. Alizitazama huku anatafuna.

"Haya ni maandishi ya penseli," alisema. "Si data."

"Ni saa," nikamwambia. "Saa ni data."

"Hakuna kichujio cha siku hizo. Siwezi kuzidisha kitu ambacho hakikupimwa. Na majivu yako chini, mtu anapumua huku juu." Alionyesha kwa mkono, magotini kisha puani. "Halafu dozi yenyewe ni ndogo. Hata ukiongeza, itabaki ndogo."

Mimi nina hasira za karibu. Nilihisi masikio yanapata moto. Nilitaka kumuuliza kama katika maisha yake amewahi hata siku moja kuzoa majivu, lakini Kiingereza changu huniacha njiani nikikasirika, kwa hiyo nikasema kidogo.

"Ndogo iliyopimwa, sawa," nilisema. "Ndogo iliyosahauliwa, hapana."

Aliacha kutafuna. Yeye si mtu mbaya, na ninasema hivyo sasa kwa moyo mweupe ambao siku ile sikuwa nao. Alisema ripoti inatoka mwisho wa mwezi, na kwamba kama nataka aizuie nimletee kitu anachoweza kukiweka kwenye mizani. Nikamwomba pampu mbili za zamani zinazotumiwa kwa mafunzo. Akatia sahihi nizichukue, nadhani ili nimwondokee mezani.

Jirani yangu wa nyuma ya uzio ni mama wa Kikongo kutoka Uvira. Anafunga mizigo katika ghala moja upande wa St Marys siku tano za wiki, na Jumapili anapikia kanisa lao, ambalo husali katika ukumbi wa kukodi. Wali anaupikia ndani kwa umeme, lakini samaki na nyama hapana. Hivyo vinapikwa uani, juu ya jiko la makaa analoliita mbabula, alilotengenezewa na fundi mmoja kutokana na rimu ya gari. Miaka yote namwamkia shikamoo, naye hujibu "Jambo sana, binti," nasi tumeridhika hivyo.

Nilimweleza shida yangu juu ya uzio. Nilitaka avae pampu akipika, na aivae tena akizoa majivu, ili nione ni wakati gani kifua kinapokea zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso.

"Serikali inakulipa juu ya hii?" aliuliza.

"Inanilipa, mama."

"Bon. Njoo dimanche."

Jumapili ile ikatangazwa marufuku ya moto. Kulikuwa na joto kali na upepo, na siku za namna hiyo hakuna anayeruhusiwa kuwasha hata jiko la makaa uani kwake. Yeye alipika kila kitu ndani, akafungua madirisha yote, na mtaa mzima ukanuka samaki. Mimi nilibaki na pampu zangu mezani nikihesabu siku za mwezi. Zilibaki siku tisa.

Jumapili iliyofuata hali ya hewa ilikuwa poa. Nilifika mapema, nikamfunga pampu kiunoni juu ya kitenge, nikabana kichujio kwenye ukosi wake. Aliuliza kama kinaweza kusikia anayoyasema, nikamwambia hakisikii, akasema basi hakina kazi kubwa. Alipika saa nzima na zaidi. Moshi ulimzunguka, alifuta macho, alipuliza makaa, aligeuza samaki. Nilipotoa kichujio kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilikifunga kwenye kikopo chake na kuandika lebo.

Makaa yalipopoa nilimwekea kichujio kipya nikawasha pampu. Alishika ufagio. Na kabla sijasema neno, akachukua kopo la maji akanyunyizia majivu yote, taratibu, kwa vidole, mpaka yakawa matope membamba, ndipo akayakusanya na kuyazoa kwa dakika chache. Kichujio kilitoka cheupe karibu kama kilivyoingia.

Nilifura. Wiki mbili nimengoja, siku zinaniishia, na mama huyu amenimwagia maji juu ya ushahidi wangu. Nilimwambia, na nakiri sauti haikuwa ya kumwambia mtu mzima, kwamba nilitaka afagie yakiwa makavu.

Alisimama na ufagio wake akanitazama. "We binti, nani alikufundisha kufagia? Majivu banaipa maji kwanza. Kavu inaingia mu kifua. Mama yangu alinipiga juu ya ile, na mama yake alimupiga yeye."

"Lakini wale watu wa msituni wanapindua makavu, mama."

"Juu ya nini? Habana maji?"

"Wana maji. Wanakuja na magari mazima ya maji."

"Alors, banangojea nini?"

 Pale pale uani hasira yote ikanitoka miguuni. Nilikuwa nimekuja kutafuta ugonjwa tu, na mama huyu alikuwa amenipa na dawa yake, bure, nami nikamfokea. Nilimwomba radhi kwa Kiswahili changu kirefu cha Morogoro, na yeye akacheka akasema maneno ni mengi sana kwa kitu kidogo.

Kulikuwa na majivu mengine ya wiki mbili nyuma, yaliyokwisha kukauka, kwenye ndoo. Alikataa kata kata kuyagusa. Nikayamwaga chini, nikajifunga pampu mwenyewe, nikayafagia kama mtu asiyelelewa, huku yeye amesimama mbali amejiziba pua kwa ncha ya kitenge akinitolea macho. Nilifagia robo saa. Nilikohoa mpaka nikashika uzio. Kichujio kilitoka kijivu kizito, na nilipokiinua kwenye mwanga sikuona upande wa pili.

Jumatatu niliviweka vitatu kwenye mizani mbele ya bosi, kimoja kimoja. Kwanza cha moshi, zaidi ya saa nzima. Kisha cha majivu ya maji. Kisha cha majivu makavu, robo saa tu. Alisoma namba ya tatu, akakiondoa, akafuta sahani ya mizani kwa brashi, akakirudisha. Namba ikatoka ile ile. Kichujio cha robo saa kilikuwa kimekiacha mbali kile cha moshi.

"Ua wa nyuma si msitu," alisema hatimaye.

"Si msitu," nilikubali. "Ndiyo maana tuwaombe wao waache pampu zinawaka."

 Nilijua kwamba hapa ndipo penyewe, na kwamba akisema hapana sina pengine pa kwenda. Alichukua ile fomu ya mtu namba saba, akaigeuza mwenyewe mara mbili, mbele, nyuma, mbele. Kisha akaniambia kwamba ataandika barua leo, ripoti itasubiri msimu mmoja wa moto, na kwamba nimwandikie kadirio langu sasa hivi kabla vichujio vipya havijaja, ili mtu asije akasema nilirekebisha hesabu baadaye.

Niliona ni haki. Nilikaa siku mbili na kalamu. Nilichukua siziamu iliyopimwa kwenye majivu ya msitu ule, nikachukua vumbi la robo saa yangu, nikalipunguza kwa sababu nilifagia kwa fujo na wao wanatumia reki ndefu wakiwa wima, nikaliongeza kwa sababu ya upepo. Nikapata namba mbili, ya chini na ya juu, nikasema saa moja ya majivu makavu italala humo katikati. Niliziandika nyuma ya fomu tupu. Bosi alitia sahihi pembeni, akatia tarehe, akaifungia kwenye kabati.

Majira yetu yako kinyume na ya kwao. Sisi tulipokuwa tunatoa majaketi na kulalamikia baridi ya Guildford, wao walikuwa wanaingia kwenye kiangazi. Nilikuwa naamka nasoma habari za hali ya hewa ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Sikuwatakia moto, Mungu ni shahidi, lakini moto ulikuja, na mwezi mmoja baadaye likaja sanduku.

Vilikuwa vichujio vya makundi mawili safari hii, vya moshi na vya majivu. Kifaa chetu kinakaa ndani ya boma la madini ya risasi ili kisisikie mionzi ya kuta na ya miili yetu, na kichujio kimoja huachwa humo muda mrefu mpaka kihesabike vizuri. Niliweka kwanza cha mtu namba saba, cha majivu, nikaenda zangu nyumbani nikapika ugali nisioumaliza. Asubuhi nilifika kabla ya wasafishaji.

Nilipiga hesabu mara tatu kwa mkono na mara moja kwa kompyuta. Kisha nikamwomba bosi afungue kabati. Tuliweka namba mpya karibu na zile mbili za kwangu. Ilikuwa katikati. Tukapima cha pili, cha tatu, vyote kumi na viwili kwa muda wa wiki mbili, na ni kimoja tu kilichotoka nje ya mipaka yangu, tena kwa unywele, na hicho kilikuwa na tundu. Saa ya majivu ilikuwa nzito kuliko saa ya moshi, na saa za majivu zilikuwa nyingi kuliko saa za moshi. Sehemu kubwa ya siziamu waliyovuta watu wale, waliivuta wakati sisi tunaandika kwamba kazi imekwisha.

Bosi aliketi, jambo ambalo halifanyi. Alinyoosha mkono akanishika wangu, akasema, "Ulikuwa sahihi, na mimi nilikosea." Maneno hayo alisema kwa Kiingereza, taratibu, nami niliyasikia yote. Siku ile nilitembea kutoka kituoni hadi nyumbani nimevimba kichwa kiasi kwamba nashangaa nilipita mlangoni.

Tulipokutana kwa skrini na watu wa maabara nyingine na wakuu wa kikosi, alisema kazi hii ataieleza mwenyewe aliyeifanya. Nilikuwa nimepiga moyo konde tangu asubuhi. Nilieleza kwa dakika ishirini kwa Kiingereza changu cha Morogoro, na hakuna aliyeniomba nirudie. Sikutia chumvi. Niliwaambia wazi kwamba jumla yote, pamoja na majivu, bado ni dozi ndogo, na hakuna mtu anayepaswa kukosa usingizi kwa sababu yake. Lakini ilikuwa imekadiriwa chini ya ukweli, na kuipunguza ni rahisi kabisa. Barakoa zivaliwe mpaka reki ya mwisho iwekwe chini. Na majivu yapewe maji kwanza, ndipo yapinduliwe.

Mkuu mmoja aliuliza hilo la maji nimelipata katika utafiti gani. Nikasema nimelipata kwa jirani. Mkalimani alisita kidogo, kisha akalitafsiri hivyo hivyo, na nikaona vichwa vinatikisika kukubali.

Nilimpelekea mama habari jioni ile ile na sahani ya vitumbua. Nilimweleza kwamba msitu mzima wa Wazungu sasa utafagiwa kwa desturi ya mama yake mzazi. Alichukua kitumbua kimoja.

"Ile masomo yako yote," alisema, "ya kufika paka pale pa ufagio?"

"Ndiyo, mama. Mpaka kwenye ufagio."

"Haina mubaya. Umefika."

Fomu mpya ilichapishwa. Mwisho wake, mahali palipokuwa na kile kisanduku kimoja cha saa ya kuzimwa moto, sasa pana mistari kamili kwa siku za majivu, na swali la maji, na swali la barakoa. Msimu uliofuata sanduku lilifika tena na nikapewa kazi ile ile ya kupanga karatasi na kutia herufi zangu. Nilizitafuta za mtu namba saba kwanza. Sijui mpaka leo ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kulala upande mmoja, na safari hii ulikuwa mbele, umejaa mistari yote: saa za majivu, siku kwa siku, pampu inawaka, maji ndiyo, barakoa ndiyo. Mahali pa kuandika maradhi palikuwa na kistari tu.

Nikaigeuza.

Katikati ya ukurasa mweupe kulikuwa na mstari mmoja wa penseli. Nikaupiga picha. Simu ikatafsiri: Kwa wewe unayegeuza karatasi. Huku sina la kuongeza.